Taa Niliyomfungia Mdogo Wangu

Tulipomzika kaka yetu mkubwa, watu walinisifu. Walisema nimejikaza kiume: nimepokea wageni, nimeshughulikia sanda, nimeingia kaburini kupokea mwili na mkono haukutetemeka. Nilikuwa nawasikia wakisema hivyo barazani na sikuwasahihisha. Ukweli ni kwamba sikujikaza, maana hakukuwa na kitu cha kukikaza. Nilikuwa na ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unauona upo, ni wako, lakini ukiugusa haujibu.

Kaka alikufa na pikipiki kwenye njia ya Nzega, mchana kweupe, barabara kavu. Sina zaidi ya kueleza kwa sababu hakuna aliyeona. Siku ya nne nilifungua duka. Nasema duka, lakini ni meza moja, kabati la kioo na rafu mbili karibu na soko la Tabora, mahali ambapo baba yetu alitengeneza redio maisha yake yote na mimi natengeneza chochote chenye waya: redio, simu, pasi, vipaza sauti vya msikitini, taa za sola za wakulima wa Ntalikwa. Watu wa mji huu hawatupi kitu. Zamani nilikuwa nawapenda kwa tabia hiyo. Mwaka ule sikuwapenda wala sikuwachukia, nilichomelea tu.

Tulibaki wanaume wawili kwa mama, mimi na mdogo wangu, kitinda mimba, na yeye naye alikuwa mtu wa pikipiki. Alifanya kazi kwa tajiri mmoja mwenye duka la dawa za mifugo. Kila wiki alifunga kwenye pikipiki nyekundu boksi la barafu lenye chanjo za ng'ombe, akalipeleka hadi Ziba, kwenye mnada, ambako wafugaji walikuwa wanamsubiri. Barafu haina subira. Akichelewa, chanjo inaharibika na ng'ombe wa watu wanarudi nyumbani bila kuchomwa. Kwa hiyo alikimbia. Lakini nisimsingizie barafu kila kitu, kijana alipenda kukimbia.

Baada ya arobaini mama aliniita ndani, nyumbani kwetu Cheyo. Mkeka wa msiba ulikuwa bado umeegeshwa ukutani, hajautoa.

"Wewe sina wasiwasi nawe," aliniambia. "Hutoki pale mezani mpaka jua lizame. Huyu mwenzio ndiye anayenitoa roho. Mimi sikai tena kwenye mkeka huu kwa ajili ya mtoto. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi mwangalie."

Nikasema nitamwangalia, kwa sauti ileile ninayomwambia mteja aje kesho.

Haikupita hata miezi miwili, mdogo wangu akaja dukani na kitu amekifunga kwenye kitambaa. Alinisalimia shikamoo, nikaitikia marahaba, akakifungua. Kilikuwa kisanduku cheusi chenye ukubwa wa pakiti ya biskuti. Alikipata kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar aliyeshusha vitu vilivyotumika kutoka nje.

"Kinanusa tochi, kaka," alisema.

Tochi ndivyo barabara nzima inavyokiita kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo. Trafiki anakishika mkononi, anakuelekezea, na kabla hujafika alipo tayari anajua ulikuwa unakimbiaje. Kile kifaa hutoa mawimbi, na kisanduku cha mdogo wangu kilikuwa kinayasikia mawimbi hayo kutoka mbali, kisha kinalia. Mdogo wangu alikuwa amepigwa tochi mara mbili mwaka huo, zote kwenye vile vibao vya hamsini. Tajiri wake alikuwa ameshamwambia kwamba ya tatu aweke funguo mezani aende.

"Sasa tatizo nini?" nikamuuliza.

"Kinalia kama kifaranga. Nikishavaa helmeti, na upepo ule, sisikii kitu. Nataka taa. Kikilia, taa iwake mbele ya macho yangu."

Sikumuuliza kama kitu hicho kinaruhusiwa. Fundi akianza maswali ya namna hiyo atafunga duka. Sikumkumbusha kaka wala sikumwambia apunguze mwendo. Nilivuta taa ya mezani, nikashika bisibisi, nikakifungua.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mahali palipokuwa na spika ndogo nilitoa nyaya mbili. Ule mlio nikaupitisha kwenye daiodi na kapasita ili uwe umeme uliotulia, na umeme huo ukaamsha transista, na transista ikawasha taa ndogo nyekundu. Niliifunga kando ya spidomita. Alipotoka nayo juani akarudi baada ya nusu saa, akasema haoni kitu. Jua letu la saa sita si la kushindana nalo kwa kitaa cha redio. Nikabadilisha nikaweka ya njano, yenye nguvu, na nikaivisha kofia niliyoikata kwenye kifuniko cha chupa ya dawa, ndani nimekipaka rangi nyeusi. Halafu nikaihamisha. Nilikuwa nimegundua jambo moja kwa kukaa mezani miaka mingi: kitu kikimetameta pembeni mwa jicho unakigundua haraka kuliko kilicho mbele yako. Nikaiweka chini ya kioo cha kushoto, ikiwa imeelekea usoni kwake. Nikaijaza silikoni ili mtetemo usivunje viungo.

Tulikwenda kuijaribu wote wawili, mimi nyuma yake, polepole, mpaka nje ya mji ambako trafiki walikuwa wamesimama. Kabla hatujawaona, kitaa kilianza kupepesa. Tulipowafikia tulikuwa mwendo wa arusi. Tukawapungia mkono, nao wakatupungia.

Mdogo wangu alicheka njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nimemshika kiunoni na nilisikia tumbo lake likitikisika kwa kicheko. Nilijua kwamba hapo nilipaswa kufurahi pamoja naye, na nilisubiri furaha ije, haikuja. Kilichokuja ni hesabu ya kifundi. Kitaa hiki kikiwaka kinamwambia apunguze mwendo. Je, kikiwa kimezimika kinamwambia nini? Kinamwambia kwamba barabara ni yake. Nilikuwa nimemtengenezea ruhusa.

Nikamwambia aniachie pikipiki siku mbili, nikizibe kisanduku vizuri mvua isiingie. Akaniachia.

Kwenye rafu ya chini nilikuwa na kiatu kimoja cha mtoto, cha waridi, cha mtumba, vile vinavyowaka taa kisiginoni mtoto akikanyaga. Mama mmoja alikileta taa zikiwa zimekufa na hakurudi kukichukua. Ndani ya kisigino cha viatu hivyo kuna kispringi chembamba ndani ya kijumba cha plastiki. Mtoto akikanyaga, kispringi kinatikisika na kugusa pembeni, na taa zinawaka. Nilikikata kisigino nikakitoa. Nikaongeza kapasita ya kukusanya ile mitikisiko, ili mtikisiko mmoja wa shimo usifanye kitu lakini mitikisiko mingi mfululizo, ile ya chombo kinachokimbia sana, ijaze kapasita na kuwasha kitaa kilekile cha njano. Niliazima pikipiki ya jirani, nikaenda nayo Ntalikwa na kurudi mara tatu nikirekebisha, mpaka nikapata ninachokitaka. Ukienda kiungwana, kimya. Ukikimbia kwa muda, wakati mwingine kinawaka na wakati mwingine hakiwaki, kutegemea barabara. Kikiwaka, hakuna mtu duniani angeweza kujua kama kimeona tochi au kimetikiswa tu. Nikayaweka yote kwenye kisanduku, nikafunga.

Sikuona kama nimefanya kosa. Niliona nimemaliza kazi mbili, ya mdogo wangu na ya mama.

Na ilifanya kazi. Miezi miwili mitatu ilipita mdogo wangu akawa analalamika. "Trafiki wameongezeka, kaka. Siku hizi wamejaa kote. Halafu wanajificha, mimi hata siwaoni, taa inawaka tu."

"Labda wana tochi mpya za mbali," nikamwambia.

"Lazima itakuwa hivyo."

Akapunguza mwendo. Akaanza kutoka mapema zaidi, alfajiri, ili awahi mnada bila kukimbia. Mama aliliona hilo, akaniletea dukani bakuli la wali kwa maharage, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Hakusema kwa nini. Nilikula nikaosha bakuli.

Ila kuna jambo sikulifikiria, kwa sababu mimi si mtu wa barabara. Mimi ni mtu wa meza. Watu wa barabara wana desturi yao ya kuwashiana taa. Wewe unatoka huku, mwenzako anatoka kule ulikopita. Ukiwa umeona trafiki unamwashia taa kubwa mara mbili, naye anashukuru kwa mkono na kukanyaga breki. Hamjuani, na pengine hamtaonana tena. Ukiwa umeona lori limekufa katikati ya njia, ng'ombe wamelala kwenye lami au daraja limejaa maji, unawasha pia. Atakayewashiwa hajui ni jambo gani, anachojua ni kwamba apunguze. Watu wa Tabora hawakuanza jambo hili na magari. Baba alituhadithia kwamba babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Ujiji hadi pwani akipita hapahapa, na kwamba msafara wa mbele ukifika njia panda ulikata matawi na kuyalaza kwenye njia isiyofaa, ili wanaofuata wasipotee. Hata leo lori likiharibika barabarani, utingo anashuka na panga kutafuta matawi.

Mdogo wangu alikuwa mtu wa barabara kamili. Kila kitaa changu kilipowaka, alikanyaga breki, na kila gari lililokuwa linamjia aliliwashia taa. Ningejua hilo kama ningemfikiria yeye badala ya kukifikiria kisanduku. Basi likapunguza, lori likapunguza, dereva akatambaa kilomita nzima akitafuta kofia nyeupe vichakani, na hakuna kofia. Wiki iliyofuata tena. Pikipiki ileile nyekundu, boksi lilelile nyuma.

Habari nililetewa dukani. Dereva wa lori, mtu mnene mwenye maneno mengi, alinipa redio ya gari niitengeneze, akakaa kwenye benchi kusubiri na kuanza kupiga soga.

"Kuna kijana anatusumbua njia ile ya Ziba," alisema. "Ana pikipiki nyekundu, anabeba boksi. Anawasha taa kila saa, trafiki mbele, trafiki mbele, ukienda hakuna hata kunguru. Tumemwita Redio Mbao."

Nilikuwa nimeinamia redio yake. "Na nyie mnafanyaje?"

"Tumeambiana. Akituwashia hatumwamini. Na sisi hatumwashii tena. Hata akiwa anakwenda kuwaangukia trafiki mikononi, mwache aanguke. Barabara haichezewi, fundi."

Nilimaliza redio yake. Nikaijaribu, ikashika vizuri, akaenda zake.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na nitaisema kama ilivyokuwa. Nilielewa palepale. Ningeweza kumpigia mdogo wangu simu kabla yule dereva hajavuka barabara. Ningeweza kumkimbilia dereva mwenyewe. Nilikaa nikawaza, kwa utulivu ambao sasa ukinijia unanitisha, kwamba pengine hivi ni vizuri zaidi: akikosa wa kumwashia, ataitegemea taa yangu peke yake, na taa yangu itazidi kumpunguza mwendo. Nikachukua simu iliyofuata kwenye foleni, nikaifungua. Zilipita wiki mbili. Katika wiki hizo alikuja dukani mara tatu, tukanywa chai, sikumwambia.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mbele ya Puge. Lori la mbegu za pamba lilikuwa limekatika ekseli nyuma ya kilima kidogo, upande wa mdogo wangu kabisa. Utingo alikuwa amekata matawi na kuyapanga vizuri mita nyingi nyuma, kama inavyotakiwa. Lakini ulikuwa wakati wa kiangazi, majani mabichi yote ya mbuga ile yalikuwa yamekwisha, na kundi la mbuzi lilikuwa limepita. Mbuzi walikula yale matawi. Vilibaki vijiti vinavyofanana na lami.

Mdogo wangu hakuwa anakimbia. Wote walisema hivyo, hata askari aliyepima alama za tairi. Alikuwa mwendo wa kawaida wa mtu anayejua mbele ni salama, kwa sababu magari matatu yalikuwa yamemjia kutoka upande ule na hakuna lililomwashia. Alipopanda kilima akakuta nyuma ya lori. Alilaza pikipiki, ikateleza chini ya lori, yeye akabaki mguu mmoja umenasa.

Nilipofika hospitali mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye stuli, ameshika sandali moja ya mwanawe. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika mara mbili, chini na juu ya goti. Ila alikuwa hai na anaongea.

"Mungu amemhifadhi," mama aliniambia. "Na ile taa yako aliyonisimulia. Bila ile taa angekuwa na ule mwendo wake wa zamani, tungekuwa tunaongea mengine. Nilikwambia umwangalie na umemwangalia. Mungu akulipe."

Nikasema, "Amin, mama."

Mdogo wangu aligeuza kichwa. Dawa ilikuwa imemlegeza ulimi, alikuwa anaongea taratibu. "Magari matatu, kaka. Moja basi. Dereva wa basi nilimwona uso, alinitazama kabisa. Hakuna aliyeniwashia. Mimi nawawashia kila siku. Sijui nimewakosea nini watu wale."

Nilimfunika shuka vizuri miguuni. Nikatoka kwenda kununua maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Alikaa hospitali wiki kadhaa, kisha nyumbani Cheyo kitandani, kisha kwenye magongo. Tajiri wake, ambaye nilikuwa nimemdhania mtu mgumu, alisema kazi yake ipo na pikipiki nyingine ipo, apone tu. Siku ya kwanza aliyoweza kutembea mbali alikuja dukani kwangu. Aliweka magongo kwenye kabati la kioo, akakaa kwenye benchi akiwa amekunja uso kwa maumivu, akatoa kitambaa kilekile. Kisanduku kilikuwa kimepasuka pembeni. Kitaa kilikuwa kimening'inia kwa waya mmoja.

"Kiangalie," alisema. "Nikirudi barabarani nakitaka."

"Niachie, nitakiangalia baadaye."

"Sina haraka. Kiangalie nikiwepo."

Ningeweza kumwambia kimekufa. Sijui kwa nini sikusema hivyo. Nadhani nilikuwa nimechoka. Nikachukua bisibisi, nikafungua kifuniko mbele yake, na kile kijumba cha plastiki ya waridi, chenye chembe za kung'aa kama za viatu vya sikukuu, kikaanguka kwenye meza kati yetu. Alikiokota. Akakitikisa karibu na sikio, kispringi kikalia tiki tiki.

"Hiki ni cha nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mfuatano, kama ninavyomwelezea mteja kilichokufa kwenye redio yake: mama aliniambia nini, kiatu nilikitoa wapi, Ntalikwa, kapasita, trafiki wasiokuwepo. Sikupunguza kitu. Aliendelea kukizungusha kile kitu vidoleni. Uso wake haukuonyesha hasira. Nilipofika mwisho nilifikiri ameshamaliza kusikia, akaniuliza swali moja.

"Na kwamba wameacha kuniwashia, ulijua?"

Pale nilikuwa na nafasi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa anajua.

"Nilijua," nikasema. "Wiki mbili kabla."

Aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. Akakiweka kile kispringi mezani taratibu. Akavuta magongo yake.

"Basi nenda ukawaambie," alisema. "Si kwa simu. Nenda mwenyewe."

Nilikwenda siku ya mnada. Pale Ziba kuna mahali malori yanapumzika, mama ntilie wana mabanda yao, madereva wanakula ugali na nyama huku wamevua viatu. Niliwakuta kumi hivi. Yule mnene mwenye maneno mengi alikuwepo, akanitambua, akaniita fundi, akanisogezea kiti. Sikukaa. Nilisema kwamba kijana wa pikipiki nyekundu, wanayemwita Redio Mbao, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nikasema hakuwahi kumdanganya mtu. Kila alipowawashia taa alikuwa anaamini kuna trafiki, kwa sababu taa niliyomfungia mimi ndiyo iliyokuwa inamdanganya, na nilifanya makusudi. Mwongo ni mimi. Nikawaonyesha kisanduku.

Hakuna aliyenitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Walitazama chini, kwenye sahani zao. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, dereva wa basi kwa nguo zake, alinawa mikono polepole sana, kidole kimoja kimoja.

"Alianguka Puge?" aliniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Asubuhi, siku ya Alhamisi."

"Ndiyo."

Alikausha mikono kwenye suruali. "Mguu upoje?"

"Anatembelea magongo."

"Mwambie," alisema yule mzee, kisha akashindwa kumalizia. Yule mnene akammalizia: "Mwambie akirudi tutamwashia."

Nilirudi na lori la yule mnene, nikiwa nimekaa mbele. Kila gari tulilokutana nalo aliliangalia kwanza kabla hajasema kitu. Karibu na Puge lori moja lilitujia likapita bila kuwasha. Nikamuuliza maana yake. "Njia nyeupe," alisema. "Akikunyamazia mtu anayekujua, ni njia nyeupe." Nilitazama nje upande wangu mpaka tukaipita ile sehemu.

Mdogo wangu alirudi kazini baada ya miezi minane. Anachechemea kidogo, na pikipiki ya sasa ni ya bluu. Hana kisanduku, hataki hata kukisikia. Yule dereva mnene akija mjini hupita dukani kunieleza: jana nimemwashia, akanipungia, yupo salama, anakwenda kiungwana. Huwa namshukuru. Mama hajaambiwa mpaka leo. Bado ananiombea dua kwa ile taa, na mdogo wangu, akiwepo, anakaa kimya mpaka dua iishe, kisha anasema amin pamoja nasi. Ananiheshimu. Shikamoo yake haijawahi kupungua.

Mwezi uliopita nilivuka barabara kwenda kwa fundi mwenzangu wa ng'ambo, kuazima bomba la kunyonyea risasi ya kuchomelea. Kwenye meza yake kulikuwa na simu imefunguliwa, ya kijani, yenye ufa pembeni. Ule ufa naujua. Kile kioo nilikibadilisha mimi mwenyewe, miaka mitatu iliyopita, na betri yake, na kabla ya hapo simu zake zote tangu akiwa mwanafunzi. Hajawahi kupeleka kitu chake kwa fundi mwingine maisha yake yote.

"Ya mdogo wako hii," fundi mwenzangu alisema, akiwa hana habari. "Haingizi chaji tu. Alisema wewe una kazi nyingi."

Nikasema kweli nina kazi nyingi. Nikachukua bomba, nikavuka kurudi, nikakaa kwenye kiti changu. Iliniuma. Iliniuma kifuani, mahali ambapo hapakuwa pameuma hata siku ile nilipompokea kaka kaburini, na mikono ilianza kutetemeka nikashindwa kushika chuma cha risasi. Mteja aliyekuwa anasubiri akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia aje kesho.